Stelingi ni Baba: Filamu Tisa za Baba na Mwana, Kutoka ya Kubishia Hadi ya Kupigania

Tuelewane mapema. Kwenye kibanda umiza chochote cha Musoma, uwe Nyasho au Bweri, kanuni ni moja: stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kuzamishwa majini, kusukumwa kutoka ghorofani, lakini dakika ya mwisho atainuka, na atakayethubutu kusema safari hii haamki atazomewa mpaka akose pa kukaa. Sasa naleta filamu ambazo stelingi ni baba mwenye madeni. Hana bunduki, hajui karate, na silaha yake kubwa ni kunyamaza. Naona kuna watu wameshaanza kunyanyuka kwenye benchi. Kaeni, kiingilio hakirudishwi.

Hizi ni filamu za kujitegemea, zile zinazotengenezwa nje ya makampuni makubwa kwa fedha za kuchangachanga, na zote zinamhusu baba na mtoto wake wa kiume. Nimezipanga kwa kipimo kimoja tu, na kipimo chenyewe ni cha Mara: ile dakika mtoto anapomwona baba yake amepungukiwa. Kila aliyekulia Bunda, Butiama au Musoma anaijua. Baba ambaye kikohozi chake tu kilitosha kuwatuliza watoto na mbwa, leo amesimama mbele ya karani au mwenye duka, kofia mkononi, anasema kwa sauti ndogo, "Nivumilie kidogo, mkuu." Mtoto yupo pembeni. Amesikia. Anajifanya anaangalia ng'ombe wanaopita.

Filamu ya baba na mwana inaanzia hapo. Isiyo na dakika hiyo, hata ikibeba tuzo kwa gunia, kwangu haipandi juu.

Bisheni mnavyotaka, ila kwa utaratibu: anayebisha aseme na yake anaiweka namba ngapi.

Imetolewa kabla ya kipenga: The Lion King (1994)

Najua, najua. Baba yumo, mwana yumo, baba anakufa, mwana anakimbia, na majina ni ya kwetu tangu Simba hadi Rafiki. Serengeti nayo ni jirani: mtu wa Bunda anaamka akiwa karibu na hao wahusika kuliko alivyo karibu na Dodoma, tena ni jirani ambaye humpigii hodi. Lakini Disney si mtu wa kuchangisha fedha. Halafu kuna suala la ukweli. Huko hifadhini, kulea na kuwinda ni kazi ya majike zaidi. Dume hana muda wa kumpandisha mtoto juu ya jiwe amwonyeshe ufalme. Hukumu: watoto waangalie, wakubwa wasiilete hapa.

9. The Boy Who Harnessed the Wind (2019)

Malawi, kijiji cha Wimbe, njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kijana William Kamkwamba amekwama shule kwa sababu ya ada, anajipenyeza maktaba, anasoma kitabu, kisha anamwendea baba yake na ombi ambalo ukilitoa kijijini Butiama, majirani wataitwa washuhudie: anaomba baiskeli ya baba aikatekate, atengeneze mtambo wa upepo wa kuvutia maji.

Lipime ombi hilo. Baiskeli ya baba hubeba gunia la mahindi, hubeba mgonjwa, hubeba na heshima. Wewe unataka uitoe tairi uipachike juu ya mnara wa miti, izunguke huko mawinguni!

Chiwetel Ejiofor, mwigizaji wa Uingereza, ndiye aliyeiongoza na ndiye anayemwigiza baba, Trywell. Anamwigiza vizuri mno kama mtu ambaye njaa imemwondolea hata uwezo wa kusikiliza. Anakataa, tena kwa hasira. Na kama ilivyo kwenye nyumba nyingi, mwenye kuimaliza kesi ni mama.

Mbona iko chini, basi? Kwa sababu mwigizaji ni jina kubwa, Netflix waliipokea kwa mikono miwili, na tangu kichwa cha filamu tumeshaambiwa upepo utakamatwa. Hukumu: ni filamu nzuri ya kuangalia na mwanao, mradi baiskeli uwe umeifunga kufuli.

8. Yeelen (1987)

"Leo utanitambua" ni tishio la kila baba, na kufikia saa ya ugali huwa limeshayeyuka. Soma, baba wa kwenye Yeelen, hayeyushi kitu. Huyu anamsaka mwanawe, Nianankoro, ili amuue kweli, na ana vifaa vya kazi: gogo la kichawi linalobebwa na watumishi wawili, likiwaongoza njia kumfuata kijana popote alipojificha. Wanangu, kuna akina baba wanaopiga simu kuuliza uko wapi, na kuna huyu.

Souleymane Cissé wa Mali aliipeleka kwenye tamasha la Cannes mwaka 1987 ikarudi na Tuzo ya Majaji. Ni filamu ya jua, mchanga na wazee wanaoogopa kwamba siri zao zitahamia kwa vijana, na hapo ndipo inapomgusa mtu wa huku kwetu, maana mzee kumficha kijana jambo tunaelewa sana. Ila kwa kipimo changu inakwama. Soma hapungukiwi hata dakika moja. Anakwenda mpaka mwisho kifua mbele. Hukumu: macho yanashiba, moyo unabaki na njaa.

7. Tilaï (1990)

Burkina Faso, kazi ya Idrissa Ouédraogo, Tuzo Kuu ya Majaji Cannes 1990. Saga anarudi kijijini baada ya kuwa mbali miaka miwili na kumkuta mchumba wake, Nogma, ameshaolewa. Na nani? Na baba yake Saga.

Sina la kuongeza. Hukumu: ukiisimulia Mwigobero asubuhi wakati mitumbwi inaingia, dagaa watakauka wenyewe hapo hapo mpaka kesi iishe.

6. My Father's Shadow (2025)

Hii inaniletea ugomvi, kwa sababu wapo watakaosema namba sita ni dharau. Naheshimu.

Ni siku moja tu, Lagos, Juni 1993, wakati Nigeria inasubiri matokeo ya uchaguzi ambao jeshi liliishia kuufuta. Folarin, baba ambaye watoto wake hawamwoni mara kwa mara, anawachukua wanawe wawili kwenda naye mjini kudai mshahara wake uliocheleweshwa. Mshahara ndio kisingizio cha safari. Kinachotokea njiani ni kwamba watoto wanagundua baba yao ni mtu maarufu kwa watu wasiowajua wao.

Hapa kila mtoto wa Mara aliyewahi kupanda basi na baba yake kutoka kijijini atatikisa kichwa. Nyumbani Mzee haongei. Mnafika stendi ya Musoma, konda anamwita kwa jina la utani, mama muuza samaki anamtania kuhusu deni la mwaka jana, na Mzee anacheka! Anacheka mpaka anashika mbavu! Mtoto anamtazama akijiuliza hayo meno yote yalikuwa wapi. Kisha mnapanda basi la kurudi, na kufikia Kiabakari uso umeshajifunga tena.

Mwongozaji ni Akinola Davies Jr., na hadithi waliiandika na kaka yake, Wale. Baba yao alifariki wao wakiwa wadogo. Watoto unaowaona kwenye filamu ni ndugu kweli, na inaonekana: wanavyogombana, hakuna shule ya uigizaji inayofundisha vile. Ndiyo filamu ya kwanza ya Nigeria kuingia kwenye orodha rasmi ya Cannes. Hukumu: ukiitazama, mpigie baba. Akiuliza unataka nini, usiseme hela.

5. Makaburi mawili ya Kisomali: The Gravedigger's Wife (2021) na The Village Next to Paradise (2024)

Nafasi moja, filamu mbili, na ndiyo, naruhusiwa.

Kuna jambo hapa linahitaji kikao cha wazee. Waongozaji wawili wenye asili ya Somalia, mmoja wa Finland na mwingine wa Austria, kila mmoja ameketi akafikiria baba wa Kisomali anafanya kazi gani, na wote wawili wamejibu: anachimba makaburi.

Ya kwanza ni ya Khadar Ayderus Ahmed, imepigwa Djibouti. Guled na wenzake wanashinda nje ya hospitali na koleo mabegani wakisubiri mtu afe wapate kibarua. Soma sentensi hiyo tena, kisha ongeza hii: anayeumwa sasa ni mke wake mwenyewe, Nasra, na upasuaji wa figo unadaiwa dola 5,000. Guled anatoka kwa miguu kwenda kijiji alichozaliwa, kwenye mbuzi wa familia, kwa ndugu ambao hakuagana nao vizuri. Nyumbani anabaki mwanawe, Mahad, mtoro wa shule ambaye ghafla hana nafasi ya kuwa mtoto. Ilichukua Étalon d'Or, farasi wa dhahabu wa Ouagadougou, tuzo ambayo filamu za Afrika hupigania kuliko nyingine zote.

Ya pili ni ya Mo Harawe, filamu ya kwanza ya Somalia kuchaguliwa rasmi Cannes. Kijiji kiko pwani na upepo wa bahari haupumziki. Mamargade anachimba makaburi, anaendesha lori lenye mzigo ambao haulizwi ni nini, anafanya chochote kinacholeta shilingi. Mwanawe, Cigaal, ana akili nyingi, na shule ya kijijini imefungwa. Kuna shule ya bweni mjini. Kuna ada. Unajua kinachofuata, kwa sababu kinafuata hivyo hivyo Bunda kila Januari: baba anafanya hesabu usiku, anafika kwenye jibu lile lile, anaanza tena kuhesabu.

Ila anayeibeba filamu ni shangazi. Araweelo ametoka kwenye ndoa, amehamia kwa kaka yake, na anataka kufungua kibanda cha cherehani. Hana muda wa kumwonea huruma mwanamume anayejihurumia. Kwetu tunajua shangazi ndiye mtu pekee anayeweza kumfokea baba mbele ya watoto na baba akatazama chini. Harawe anajua hilo pia, sijui nani alimwambia.

Hukumu: ya Djibouti itakuliza, ya Paradise itakukera kwa mwendo wake wa pole pole kisha utaiota. Mwenye haraka aanze na ya kwanza. Mwenye shangazi aanze na ya pili.

4. Filamu isiyokuwepo: Burito na Kambarage

Mkiwa tayari, pigeni kelele. Nimeweka filamu ambayo haijatengenezwa juu ya filamu sita zilizotengenezwa, na sirudi nyuma.

Tuna hadithi hapa Butiama, imelala Mwitongo miaka yote hii, na wageni wanaikanyaga wakienda kuliona kaburi la Mwalimu Nyerere. Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki alikuwa na wake 22. Mke wa tano, Mugaya Nyang'ombe, alijifungua tarehe 13 Aprili 1922, na mtoto akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Mzee alikuwa ameshapita miaka sitini. Fikiria foleni ya watoto wanaosubiri kuzungumza na baba huyo! Kwenye foleni hiyo kuna kijana mwembamba anayechunga mbuzi na anayecheza bao vizuri kuliko umri wake.

Inasimuliwa kwamba ni Mtemi Makongoro wa Ikizu, rafiki wa Burito, aliyecheza bao na kijana huyo na kumwambia baba yake ampeleke shule. Hapo ndipo filamu inapoanzia kwangu: ubao wa bao, kete zinagonga, mgeni mwenye heshima anaanza kushindwa na mtoto, na baba ameketi pembeni hasemi kitu. Je, anaona fahari? Ana wasiwasi mgeni atakasirika? Kamera isikurupuke. Ikae kwenye uso wa Mzee mpaka tubishane wenyewe kibandani.

Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, Kambarage akaingia shule ya Mwisenge, Musoma, zaidi ya kilomita 40 kutoka nyumbani. Baadaye Tabora. Burito alifariki mwaka 1942. Hakumwona mwanawe akienda Makerere mwaka 1943, wala akibatizwa Nyegina mwishoni mwa mwaka huo na kuchukua jina la Julius. Hakuishi kusikia kwamba kijana aliyechelewa kuanza shule alikuja kuchapisha tafsiri ya Kiswahili ya Shakespeare mwaka 1963, tena akiwa Rais.

Na dakika ya kupungukiwa ipo, haihitaji kubuniwa sana. Mtemi wa zama zile alikuwa mkubwa kwa watu wake na mdogo kwa Bwana DC. Kodi ilipotakiwa, aliyetumwa kuikusanya ni yeye. Mwandishi wa filamu anipe tukio moja tu: mtoto wa mtemi anamwona baba yake akipokea amri kutoka kwa kijana wa Kizungu anayeweza kuwa mjukuu wake. Kila kitu kilichokuja baadaye kwenye nchi hii unaweza kukitafuta ndani ya macho ya mtoto huyo.

Sharti langu ni moja na halijadiliwi. Filamu iishe 1942. Tusimwone akiwa Rais, tusione bendera ikipanda, pasiwe na hotuba wala muziki wa tarumbeta. Tukitoka nje tuwe tunamlilia mtemi mzee wa Kizanaki aliyekufa bila kujua amemzaa nani.

Wasichana wa Mara walishapata filamu yao. In the Name of Your Daughter, ya makala, ilitoka 2018: Giselle Portenier aliwafuata wasichana wanaokimbia kukeketwa, pamoja na mama anayewapa hifadhi, Rhobi Samwelly. Tazama akina baba waliomo humo, jinsi wanavyozungumza na wanavyonyamaza, kisha uniambie hapa kwetu hakuna waigizaji. Hukumu: mwenye kamera, shika barabara ya Butiama. Nitabeba betri.

3. A Screaming Man (2010)

Kama hupendi kuambiwa mwisho, ruka nafasi hii, usije ukanilaumu.

Adam ana miaka 55. Zamani alikuwa bingwa wa kuogelea, na wenzake bado wanamwita Champion. Kazi yake ni kutunza bwawa la hoteli mjini N'Djamena, Chad, akisaidiwa na mwanawe, Abdel. Hoteli inapata wamiliki wapya, wanapunguza watu, bwawa anaachiwa kijana, na bingwa anapewa sare ya mlinzi akafungue geti. Geti! Kila gari likipiga honi, Adam anakimbia. Mahamat-Saleh Haroun, aliyeiongoza, haongezi maneno hapo. Anatuonyesha mzee anakimbia, tunaumia wenyewe.

Wakati huo nchi iko vitani na wenye mamlaka wanataka mchango: pesa, au mtoto wa kwenda jeshini. Adam hana pesa. Ana mtoto ambaye ameketi kwenye kiti chake.

Mnaona linakokwenda. Askari wanakuja kumchukua Abdel, kijana anapiga kelele, na baba yumo ndani hatoki. Mtu wa Mara aliyezoea kujisifu kwamba kwetu jeshini tunakwenda wenyewe kwa kupenda, atakaa kimya hapa. Baadaye Adam anawasha pikipiki yenye kitoroli cha pembeni kwenda kumtafuta mwanawe, na barabara yote ile ni ya mtu anayetaka kurudisha nyuma siku moja tu ya maisha yake.

Cannes waliipa Tuzo ya Majaji. Mngeniuliza mimi ningewaambia haitoshi. Hukumu: baba aliyepungukiwa akaamua kulipa kwa kisicho chake. Usiitazame na baba yako. Itazame peke yako, halafu nenda ukamsalimie.

2. Bicycle Thieves (1948)

Mabingwa wa mjini wameshaanza: hii huwekwa namba moja, kila orodha ya dunia huiweka juu, wewe ni nani? Mimi ni mtu wa barabara ya Mwanza hadi Sirari, ninajua baiskeli ni nini. Tuendelee.

Roma baada ya vita. Antonio Ricci amepata kazi ya kubandika matangazo, na kazi haitolewi bila baiskeli. Siku ya kwanza tu, baiskeli inaibwa. Anatembea mji mzima na mwanawe mdogo, Bruno, wakiitafuta. Hiyo ndiyo hadithi yote! Badilisha Roma uweke Bunda, badilisha baiskeli uweke bodaboda ya mkataba, na huhitaji kugusa tukio hata moja. Hata yule mganga anayeendewa ili aoneshe mwizi yuko wapi yumo humo, mwanamke mpiga ramli, na jibu lake ni la aina ile ile mnayoijua: utaipata sasa hivi au hutaipata kabisa. Asante, mama, na hela umechukua.

Vittorio De Sica alipotafuta fedha, mtayarishaji mmoja wa Hollywood alikuwa tayari kumpa kwa sharti kwamba baba aigizwe na Cary Grant, mwanamume mtanashati kuliko wote wa wakati ule. De Sica akakataa, akachangisha kwingine, akamchukua fundi wa kiwandani, Lamberto Maggiorani, ambaye hakuwa mwigizaji. Ndiyo sababu akikunja shati unaamini.

Kuna tukio la mgahawani ambalo nawaomba mlitazame kwa karibu. Baba amemzaba Bruno kibao njiani, sasa anajuta, na kwa akina baba kujuta kunatafsiriwa kuwa chakula. Anamwingiza kwenye mgahawa wa wenye nazo. Wanaagiza mkate na jibini. Meza ya nyuma kuna mtoto wa tajiri, nywele zimechanwa, anakula kwa kisu na uma. Bruno naye anajaribu kisu na uma, vinamshinda, anaushika mkate kwa mikono, jibini linavutika kama ulimbo, na bado anageuka kumwangalia yule mtoto. Baba anaona mwanawe anaona. Anaanza kupiga hesabu ya mshahara kwa sauti, wakati kazi yenyewe imeshaondoka na baiskeli.

Halafu mwisho wake. Baba, akiwa amekosa njia, anajaribu kuiba baiskeli ya mtu. Anakamatwa, anapigwa makofi hadharani, na Bruno yupo pale pale, analia, amemshika koti. Dakika yangu ya kipimo, hakuna filamu iliyoipiga picha vizuri kuliko hii. Kinachofuata sisemi. Ni mkono mmoja tu unaingia ndani ya mkono mwingine, sasa mtajua wenyewe ni wa nani uliotangulia.

Hukumu: ingekuwa ya kwanza kama mtoto angekuwa na la kufanya zaidi ya kushuhudia. Na hapo ndipo inapozidiwa na kijana mmoja wa Kibera.

1. Soul Boy (2010)

Ndiyo. Filamu ya saa moja, ya Kiswahili, kutoka Nairobi, juu ya Roma na Cannes yote. Leteni mawe.

Abila ana miaka 14. Asubuhi moja anamkuta baba yake kwenye kiduka chao, amekaa tu, hajiwezi, akisema roho yake imechukuliwa. Wengine wangesema ni pombe, na huenda wangekuwa na haki. Ameicheza kamari, na mwanamke aliyeshinda si mtu wa kawaida. Ni Nyawawa. Msomaji wa Rorya hapo ameshakaa sawa. Kandokando ya ziwa hili hili, ng'ambo ya mpaka kwa ndugu zetu Wajaluo, nyawawa ni roho zinazopita usiku, na zikipita watu hugonga mabati na sufuria mpaka zirudi ziwani. Filamu imezitoa ziwani ikazipangishia nyumba mjini.

Abila anamfuata. Anapewa masharti saba ya kumkomboa baba, na muda ni mfupi. Anaye Shiku, binti wa Kikuyu ambaye nyumbani kwao hawapendi kumwona na Mjaluo, na ambaye ana akili mara mbili ya stelingi, kama ilivyo kawaida.

Sasa rudini kwenye kipimo. William aliomba baiskeli. Bruno alishuhudia. Abdel alitolewa. Abila peke yake ndiye anayemwona baba amepungukiwa na kusema, haya, nitalipa mimi. Mtoto wa miaka 14 anaingia kwenye deni la mzee wake bila kumuuliza ulilikopaje, na filamu haimfanyi malaika kwa hilo. Anaogopa, anakosea, anachukia. Wangapi kwenye mkoa huu wameacha kalamu wakashika nyavu au makasia kwa sababu baba alirudi siku moja akiwa ametoka kwenye maisha yake mwenyewe? Sijaona filamu nyingine inayowatazama vijana hao machoni kwa heshima namna hii, tena ikiwachekesha.

Aliyeiongoza ni Hawa Essuman, mswada ukaandikwa na Billy Kahora. Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann walileta warsha, vijana wa Kenya wakajifunza kazi humo humo wakiwa wanaipiga, ndani ya Kibera yenyewe, na warsha hizo hizo ndizo zilizokuja kuzaa Nairobi Half Life mwaka 2012. Haikuhitaji nyota. Haikuhitaji helikopta. Ilihitaji watu wanaoijua mitaa yao na mtu wa kuwaazima kamera, na mambo hayo mawili Musoma yanawezekana kesho asubuhi.

Atakayebisha kwamba ni fupi, nakubali, na hiyo ni sifa. Mechi ya Simba na Yanga ina dakika 90 kabla hujaweka mapumziko. Hii ina saa moja. Mwenye kibanda pale Nyasho, siku ya derby iwashe saa kumi kamili wakati watu wanagombea viti, na ikiisha bado una muda wa kuuza soda. DJ wa kutafsiri asiguse kitu, wanaongea Kiswahili. Na kama kuna atakayeinuka katikati kudai arudishiwe kiingilio, namba tisa mpaka moja nazipanga upya mbele yake.